Shajara ya mradi: watoto, mtaro na daftari la mvua

Mtaa wetu uko Temeke, Dar es Salaam, kwenye mteremko unaoshukia bonde la Mto Kizinga. Mtaro mmoja unakusanya maji ya nyumba zote za juu, unayapitisha chini ya barabara kwenye kalavati, kisha unayapeleka mtoni. Masika ikikolea, maji yanapanda juu ya kalavati na kuingia kwenye nyumba sita za upande wa chini. Watu wazima tumeshazoea: magodoro yanapandishwa mezani, asubuhi tope linazolewa, siku inaendelea. Wasiozoea ni watoto, maana wao ndio wanaokosa shule wakianika madaftari yaliyolowa.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kinatazamana na kalavati, na watoto wa hapa wananiita Anti. Naandika kwa tarehe ili mtu wa mtaa mwingine akitaka kufanya kama sisi asirudie makosa yetu, na ajue ni kiasi gani cha fedha kilitoka. Majina ya watoto siandiki.

Jumamosi, 27 Januari 2024: ufagio

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi nchi nzima, nikaona ndiyo ya kuanzia. Nilikubaliana na mjumbe wa shina letu tuwaite watoto wasafishe mtaro, kila mmoja apate soda. Walikuja 23. Saa mbili asubuhi walikuwa wameshaingia mtaroni na fagio na ndoo, sisi wakubwa tumesimama ukingoni tukielekeza kwa vidole.

Haikufika saa tatu. Mvulana wa miaka 10, ndala miguuni, alikanyaga chupa iliyovunjika ndani ya tope. Zahanati walimshona nyuzi mbili na kumchoma sindano ya pepopunda. Jioni mama yake alikuja kibandani. Hakupiga kelele. Alisema, "Dada, mwanangu nilikuachia akusaidie. Sikukuachia aingie mahali ambapo wewe mwenyewe hukuingia." Sikuwa na la kumjibu. Mtaroni sikuwa nimetia hata mguu mmoja.

Usiku ule nilitafuta Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kifungu cha 12 kinakataza kumshughulisha mtoto na jambo linaloweza kudhuru afya yake, elimu yake au makuzi yake. Tope lenye vioo na maji ya vyoo halihitaji mjadala. Lakini nilikuta na vingine ambavyo sijawahi kuvisikia vikitajwa mtaani kwetu. Cha 11 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa, na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Cha 15 kinampa wajibu wa kuitumikia jamii yake kwa nguvu zake na kwa akili zake, kulingana na umri na uwezo. Pale kwenye akili nilirudia kusoma mara kadhaa. Sisi tulikuwa tumewaita kwa ajili ya nguvu tu.

Gharama: soda 23 kwa shilingi 700 ni 16,100, zahanati 12,000. Jumla 28,100.

Jumapili, 11 Februari: nani aje, saa ngapi

Niliwaita tena, safari hii bila fagio na bila soda. Walikuja tisa, wavulana wanane na msichana mmoja. Kutoka 23 hadi tisa kuliniumiza, ila hao tisa walikuja kwa sababu walitaka kuja.

Niliwauliza hapa mtaani nini kinawasumbua, nikiwa na uhakika watasema mtaro. Walianza na bodaboda wanaokatiza katikati ya uwanja wao. Wakaja kwenye bomba linalotoa maji usiku wa manane, maana wao ndio wanaoamshwa kwenda kuchota. Mtaro ulitajwa wa tatu. Tukachora alama tatu kwenye mchanga, kila mtoto akaweka kokoto moja: mtaro nne, bodaboda tatu, bomba mbili. Nashauri mtu yeyote anayeanza apitie hatua hii hata kama anajua anachotaka. Ningekuwa nimewaletea mtaro kama amri, na bodaboda nisingezisikia kabisa. Nimeziandika, zina zamu yake.

Yule msichana mmoja alisubiri wenzake wamalize ndipo akasema: "Anti, wenzangu wanataka kuja, ila saa nne sisi tunafua na kulea." Mimi mwenyewe nimekua hivyo hivyo, na bado nilipanga saa nne asubuhi. Walikaa chini wakapanga wao. Jumamosi asubuhi kuna madrasa, Jumapili asubuhi kuna kanisa, siku za shule kuna tuisheni mpaka jioni. Ikabaki Jumapili saa tisa alasiri, na ruhusa ya kuja na mdogo wako mgongoni. Wiki iliyofuata waliongezeka wasichana sita, wawili wakiwa wamebeba watoto. Wavulana wawili waliacha. Tumebaki 13: wasichana saba, wavulana sita, miaka 8 hadi 13.

Jumapili, 25 Februari: ruhusa za wazazi

Nilichapisha barua ya ruhusa, nikatoa fotokopi 20 kwa shilingi 2,000, nikawapa watoto wapeleke nyumbani. Zilirudi tatu. Nikaona kosa ni langu: jambo linalomhusu mtoto wa mtu haliombwi kwa karatasi. Mimi na mjumbe tulipita nyumba kwa nyumba jioni mbili, tukabisha hodi, tukakaa, tukaeleza.

Nyumba niliyoiogopa ni ya yule mvulana aliyeumia. Mama yake aliuliza maswali matatu: nani atakuwa nao, watakuwa wapi, na mtoto akiumia nani analipa. Nilipomaliza kujibu aliniambia niandike, akanitajia masharti yeye mwenyewe. Hakuna mtoto kuingia mtaroni, mvua iwepo isiwepo. Mvua ikinyesha, hakuna kusogelea ukingo chini ya hatua tatu. Wakubwa wawili wawepo kila wakati, si mmoja. Na picha za watoto zisipelekwe kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, kwa sababu picha ya mwanawe akivuja damu ilizunguka humo siku nzima kabla yeye hajaiona. Masharti hayo manne ndiyo tunayoyatumia hadi leo. Siku ya pili mvulana alikuja.

Jumapili, 10 Machi: chupa ya mvua na rula ya ukutani

Kazi yenyewe ilitokana na swali la mtoto. Nilikuwa nasema mvua kubwa inafurisha mtaro, msichana wa darasa la sita akauliza, "Kubwa ni kubwa kiasi gani?" Hakuna aliyejua. Tukaamua kupima.

Kipimo cha mvua kinatengenezwa kwa chupa ya maji ya lita moja na nusu. Kata sehemu ya juu inapoanza kujikunja, igeuze kichwa chini uiingize kwenye chupa iwe faneli. Weka kokoto chini chupa isipeperuke, mimina maji mpaka yafunike kokoto na sehemu yenye mabonde ya kitako, chora mstari hapo: ndio sifuri. Kuanzia hapo panda na rula, milimita kwa milimita.

Makosa yalikuwa matatu. Kwanza, chupa tuliyoanza nayo ilikuwa na viuno, na pale inapobana maji yanapanda haraka kuliko mvua yenyewe. Inatakiwa chupa iliyonyooka kuanzia sifuri hadi juu. Pili, tuliweka vipimo viwili, kimoja kwangu na kimoja kwa mjumbe, asubuhi moja changu kikasoma milimita 9 na chake 31. Watoto walibishana sana nani kakosea kusoma. Hakuna aliyekosea: changu kilikuwa chini ya mwembe uliokinga mvua, chake kilikuwa karibu na ukingo wa bati lililomwaga maji ndani. Sasa vyote viko juu ya nguzo kimo cha mita moja, uwanjani, mbali na miti na mapaa, na vikipishana havipishani zaidi ya milimita mbili. Tatu ni saa. Vituo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa husoma mvua saa tatu asubuhi, lakini saa hiyo watoto wako darasani. Sisi tunasoma saa kumi na mbili, kabla ya shule, kila siku saa hiyo hiyo, kisha chupa inamwagwa na kurudishwa sifuri.

Kwa upande wa mtaro, mjumbe alichora rula kubwa kwenye ukuta wa kalavati: mstari kila sentimita 10, tarakimu za urefu wa kiganja, ukingo ukiwa sentimita 90. Mtoto anaisoma akiwa barazani kwangu, ng'ambo ya barabara, bila kusogea. Mara ya kwanza tulitumia rangi ya maji kwa sababu ni rahisi. Mvua mbili tu ikaoshwa. Tukanunua ya mafuta.

Gharama za Machi: daftari la kaunta 3,500, maka 1,500, misumari 1,000, rangi ya maji 4,000, rangi ya mafuta 8,000, brashi 2,000. Jumla 20,000. Nguzo tulipewa na fundi seremala, chupa ziliokotwa.

Jumamosi, 30 Machi: kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na mbili

Tuko katikati ya Ramadhani na zamu za asubuhi zimekuwa ngumu. Baadhi ya watoto wanaamka kula daku, wakirudi kulala saa kumi na mbili inawapita. Wasiofunga waliomba wabebe zamu zaidi, tukabadilisha ratiba. Hilo halikuwa gumu.

Gumu lilikuwa jingine. Nikipitia daftari niliona siku tatu zimeandikwa 12, 12, 12, kwa mwandiko mmoja na kalamu moja, ilhali siku ya kati nilikuwa nje na jua liliwaka tangu asubuhi. Nilijua ni nani. Ni mtoto mpole, mwenye bidii, aliyekuwa anaogopa kuonekana amekosa zamu. Ningemsema mbele ya wenzake asingerudi, na wengine wangejifunza kudanganya kwa ustadi zaidi.

Nilimwita pembeni nikamwomba anisaidie kutatua tatizo: mtu akikosa kusoma, aandike nini? Alifikiri, akachora mstari mfupi wa kulala. Nikamwambia awafundishe wenzake alama hiyo. Jumapili alisimama akasema mstari maana yake ni "sikupima", sifuri maana yake ni "nimepima, hakuna mvua", na hivyo viwili si kitu kimoja. Kisha akafungua daftari mwenyewe, mbele yao, akakata zile 12 tatu akaweka mistari. Hakuna aliyemcheka. Tangu hapo mistari imekuwa mingi kidogo daftarini, na mimi naiamini kila namba iliyobaki.

Jumapili, 21 Aprili: safu ya viroba

Kwenye kundi kuna mvulana wa darasa la tatu, mdogo kuliko wote. Milimita zilimchanganya, na kwenye rula ya ukutani alikuwa akisoma tarakimu ya juu badala ya ile maji yalipofikia. Wenzake walitaka akae tu. Dada yake alipendekeza ahesabu viroba vya taka vinavyosubiri gari la taka pale juu ya kalavati, maana kuhesabu anajua. Tukamfungulia safu yake mwishoni mwa ukurasa. Nakiri nilimpa ili asijisikie vibaya. Sikutegemea kitu.

Leo tulikaa tukapitia mwezi mzima. Mvua, maji, furika au haikufurika, viroba. Watoto walitaka kupanga siku kwa ukubwa wa mvua, na hapo ndipo mambo yalipoanza kukataa kukaa sawa:

Tarehe 24 Machi, mvua milimita 41, maji sentimita 52, hayakufurika. Tarehe 5 Aprili, milimita 38, hayakufurika. Tarehe 13 Aprili, milimita 44, kubwa kuliko zote tulizopima, maji yalifika 58 yakashuka. Lakini tarehe 2 Aprili, milimita 19 tu, yalipita ukingo. Tarehe 9 Aprili, milimita 23, yalipita. Tarehe 16 Aprili, milimita 17, yaliingia nyumba nne.

Walisema daftari limekosewa. Mimi pia nilianza kushuku chupa. Ni yule mdogo aliyeweka kidole kwenye safu yake akasoma kwa sauti: siku zilizofurika, viroba 14, 19, 16. Siku ambazo hazikufurika, viwili, sifuri, vitatu. Pakawa kimya. Kisha mtu akaona kwamba siku zote tatu zilizofurika ni Jumanne, na wote wakaanza kusema kwa mpigo.

Mambo yako hivi. Gari la taka linatakiwa kuja Jumatatu. Watu wanatoa viroba Jumapili jioni, wanavipanga juu ya kalavati kwa sababu ndipo mahali pekee gari linapoweza kusimama. Gari lisipokuja Jumatatu, viroba vinalala hapo, mbwa wanavipasua, mvua ya usiku inavisukuma mtaroni, mdomo wa kalavati unaziba. Mvua ndogo inatosha. Miaka yote tumekuwa tukilaumu mawingu.

Walifanya na hesabu nyingine ambayo sikuwaomba. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Walipima paa la mjumbe, mita sita kwa nane, wakazidisha na ile mvua ya milimita 41: lita 1,968, sawa na ndoo 98 za lita 20, kutoka paa moja, siku moja. Mvulana mmoja anayechota maji usiku alikaa akaitazama ile 98 kwa muda mrefu.

Jumapili, 28 Aprili: mkutano wa mtaa, mara ya kwanza

Nimechelewa kuandika ya siku hii kwa sababu ilinichoma.

Watoto waliandaa karatasi nne za manila, grafu ya maji na viroba, na sentensi tatu za pendekezo. Nilimwambia mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwamba watoto wana jambo, akafurahi, akasema waje. Walipofika waliitwa mbele kabla ya mkutano kufunguliwa. Mtu akaomba waimbe kwanza. Wakaimba. Wakapigiwa makofi na vigelegele, kisha mwenyekiti akawashukuru, akasema taifa la kesho tumeliona, sasa watoto warudi nyumbani wakubwa wafanye kikao. Manila zilikuwa bado zimekunjwa mkononi mwa msichana wa darasa la sita. Hakuna aliyewauliza wamekuja kusema nini. Na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Watu walitabasamu kwa upendo kabisa.

Njiani msichana huyo alinishika mkono akasema, "Anti, kwani sisi tulikuja kuimba?"

Kosa langu ni kwamba niliomba nafasi badala ya kuomba ajenda. Kitu kisichokuwa kwenye ajenda hakiingii kwenye muhtasari, na kisichokuwa kwenye muhtasari hakina wa kukifuatilia. Mkutano wenyewe haukumalizika, uliahirishwa hadi 19 Mei, kwa hiyo tulikuwa na wiki tatu. Watoto waliandika barua kwa serikali ya mtaa wakiomba ajenda yenye jina: "Mahali pa kuweka taka zinazosubiri gari". Walitaja kifungu cha 11 na cha 15. Mtendaji wa mtaa aliipokea, akagonga mhuri kwenye nakala yetu. Watoto walipitisha vidole kwenye mhuri ule kana kwamba una joto.

Gharama za Aprili: manila nne 2,000, maka za rangi 3,000. Jumla 5,000.

Jumapili, 5 Mei: kimbunga Hidaya

Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari ya kimbunga Hidaya mapema, na tangu Ijumaa tulisimamisha kila kitu. Hakuna zamu, hakuna kusoma rula hata kutoka barazani. Wawili walikuja na makoti ya mvua wakiomba wasome chupa tu, "mara moja Anti, tutakimbia". Niliwarudisha kwao. Walinuna, kwa sababu hiyo ndiyo mvua waliyoingoja msimu mzima. Daftari lina mistari mitatu ya kulala, Ijumaa hadi Jumapili, na itabaki hivyo.

Jumapili, 19 Mei: mkutano, mara ya pili

Ajenda ya tatu. Msichana wa darasa la sita alisimama, mwenzake akashika manila. Alisoma tarehe moja moja, bila mbwembwe: mvua, maji, viroba. Alipofika tarehe 16 Aprili, mama mmoja wa nyumba za chini alisema kwa sauti, "Hiyo siku mimi nakumbuka." Baada ya hapo watu walianza kusikiliza kwa namna nyingine.

Mzee mmoja aliuliza, "Nani amewatuma?" Msichana alimsalimu shikamoo kwanza, kisha akajibu: "Hatujatumwa, babu. Maji yanaingia kwetu."

Pendekezo lao lilikuwa viroba vihamishiwe ng'ambo, chini ya mwembe. Hapo walikwama, na ninaandika hili kwa sababu ndilo tulilosahau kabisa. Mwenye nyumba iliyo jirani na mwembe alisimama akasema harufu itaingia jikoni kwake, na hakuna mtoto hata mmoja aliyekuwa amepita kumuuliza. Alikuwa na haki. Msichana aligeuka kunitazama, nikanyamaza, ingawa ilikuwa vigumu. Akasema, "Samahani baba, hatukufika kwako. Wewe ungependa viwekwe wapi?" Mjadala ulichukua karibu nusu saa, wakubwa na watoto wakichangia pamoja. Mwishowe muuza mkaa alikubali viwekwe kando ya genge lake kwa masharti: juu ya kichanja mbwa wasifikie, vifungwe midomo, na vitolewe Jumatatu alfajiri tu. Mwenyekiti aliongeza la kwake: mjumbe apewe namba ya simu ya mzabuni wa taka, ili gari lisipokuja watu waambiwe wasitoe viroba. Hilo watoto hawakuliwaza, na nadhani ndilo limesaidia kuliko yote.

Watoto hawakupiga kura. Mikono ya wakubwa ilinyooka, na pendekezo likaandikwa kwenye muhtasari kwa maneno "kutokana na taarifa ya watoto wa mtaa". Tuna nakala.

Jumapili, 9 Juni: kichanja

Siku ya usafi ya 25 Mei waliingia mtaroni wakubwa 11, na mimi nikiwemo, kwa gambuti na koleo tulizoazimwa na ofisi ya mtaa. Watoto walikaa barazani wakihesabu toroli za tope: 37. Maji ya kunywa walileta wao.

Kichanja cha kwanza kilikuwa cha mbao za paleti, shilingi 15,000. Kililala nje usiku nne, wa tano kikaondoka chote pamoja na misumari. Kuni, nadhani. Mkichangia jambo kama hili msianze na mbao, mtalipa mara mbili. Cha pili ni cha matofali: matofali 30 kwa 1,300 ni 39,000, mfuko mmoja wa saruji 16,000, mchanga 5,000. Jumla 60,000, zilizotolewa na kaya 60, shilingi elfu moja kila kaya. Watoto walipita na mjumbe, lakini fedha alishika mjumbe na kusaini yeye. Mtoto asishikishwe fedha za watu. Fundi aliyejenga hakuchukua malipo. Ni baba wa yule mvulana aliyekanyaga chupa Januari.

Hesabu yote mpaka hapa: Januari 28,100, Februari 2,000, Machi 20,000, Aprili 5,000, vichanja viwili 75,000. Jumla shilingi 130,100. Zilizopotea bure ni 21,000, yaani fotokopi, rangi ya maji na mbao. Soda sijazihesabu humo, ila hatujanunua tena.

Tuliombwa pia watoto waende kucheza ngoma kwenye sherehe ya Siku ya Mtoto wa Afrika, 16 Juni. Niliwaachia waamue. Waliuliza kama wataruhusiwa kwenda na manila. Walipoambiwa muda hautoshi, wanane waliamua kwenda kucheza kwa sababu wanapenda kucheza, watano wakaamua kubaki nyumbani. Vyote viwili ni sawa.

Jumapili, 10 Novemba: vuli

Nilingoja mvua yenye maana ndipo niandike, kwa sababu Juni mvua zilikuwa zimekata na kichanja kisingethibitisha lolote. Vuli hii mvua ni chache. Tumepata siku moja tu ya kupimia: milimita 26, maji sentimita 39, viroba juu ya kalavati sifuri. Mvua ndogo kuliko hiyo ilifurika mara tatu Aprili. Lakini siku moja ni siku moja, na watoto wenyewe wamekataa niandike kwamba tumemaliza. Wanasubiri masika.

Wawili wamehitimu darasa la saba na wamepunguza kuja. Wameingia wanne wapya, wa darasa la pili na la tatu. Mtoto wa zile 12 tatu ndiye anayewafundisha kusoma chupa. Yule wa viroba sasa anasoma rula ya ukutani, na safu yake ameikabidhi kwa mwingine kwa maelezo marefu kuliko niliyompa mimi.

Tarehe 27 mwezi huu ni uchaguzi wa serikali za mitaa, na mwenyekiti anaweza kubadilika. Hili liliwatia watoto wasiwasi kabla halijanitia mimi. Wamenakili muhtasari wa 19 Mei kwa mkono, nakala mbili, moja ya mwenyekiti yeyote atakayeingia. Na wameandaa swali moja la kuwauliza wagombea wakija kuomba kura za wazazi wao barazani. Swali si la mtaro. Ni la bodaboda uwanjani, na tayari wana safu mbili za namba.